Kisa cha Nakala Mbili

Wanafunzi wengi wanaotuona tukitoka katika chumba cha kompyuta saa za jioni hudhani kwamba kazi yetu humo ni kutazama picha na kusikiliza nyimbo. Sivyo. Muhula uliopita klabu yetu ilipewa kazi ya kweli, na katika kazi hiyo nilikosea, tena nikamkosea na mwenzangu. Ningependa kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu chanzo chake kilikuwa kitu kidogo sana, nacho chaweza kumpata kila mtu aandikaye programu za kompyuta. Huenda atakayesoma habari hizi akaepukana nacho.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu wa taaluma hujumlisha alama za majaribio ya Kidato cha Pili kwa mkono, na wanafunzi ni wengi. Akatuuliza kama klabu yaweza kumsaidia. Basi tukatengeneza programu ndogo kwa lugha ya Python, tukaiita Wastani. Programu hii haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Mtu hufungua lile dirisha jeusi la maandishi, akaandika neno wastani na jina la faili yenye alama, na mara majina ya wanafunzi hutokea, kila mmoja na wastani wake na nafasi yake darasani. Programu za namna hii huendeshwa kwa kuandika amri, si kwa kubonyeza picha.

Sikuitengeneza peke yangu. Nilisaidiwa na kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mpole wa maneno lakini mwepesi wa kuona makosa. Yeye aliandika sehemu ya kusoma faili ya alama, nami nikaandika sehemu ya hesabu. Tulipomaliza tuliisakinisha programu katika kompyuta ya klabu kwa chombo kiitwacho pip, ambacho watu wa Python wamekuwa wakikitumia tangu mwaka 2008 kuweka programu katika mashine zao. Tuliandika pip install, kisha nukta moja. Nukta hiyo maana yake ni "folda hii niliyomo sasa." Tangu hapo neno wastani likawa amri kamili katika kompyuta ile, nasi tukajiona watu wakubwa.

Jumatatu moja jioni mwalimu wa taaluma alituita. Alikuwa ameshika karatasi tuliyomtolea, na uso wake haukuwa na furaha. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye alilazwa hospitali kwa wiki mbili. Kati ya majaribio sita alikuwa amefanya manne, akapata 72, 68, 80 na 76. Jumla ya alama hizo ni 296, na ukigawanya kwa nne wastani wake ni 74. Lakini programu yetu ilimpa 49, kwa kuwa ilizihesabu zile nafasi mbili tupu kama sifuri, kisha ikagawanya kwa sita. Kijana aliyestahili kuwa miongoni mwa wa mbele alikuwa ameangushwa karibu na mkia, wala hakuwa na kosa ila kuugua.

"Karatasi hizi zitabandikwa Ijumaa," mwalimu akasema, "na Jumamosi wazazi watakuja shuleni. Nataka jambo hili liwe limekwisha Alhamisi."

Nikamjibu kwamba lingekwisha usiku ule ule.

Nilipofika chumba cha kompyuta niliona kosa mara moja. Lilikuwa katika sehemu yangu, katika mstari mmoja tu. Badala ya kugawanya kwa idadi ya majaribio yote, ilipasa kugawanya kwa idadi ya majaribio aliyoyafanya mwanafunzi. Nikausahihisha mstari, nikahifadhi faili, nikaita amri ya wastani. Jibu likawa 49. Nikatazama tena, nikaona mstari u sawa. Nikahifadhi mara ya pili, nikaita amri. 49. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. 49.

Yule kijana wa Kidato cha Pili alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza taratibu, "Kaka, hiyo wastani unayoiita, inatoka folda gani?"

Nikamwambia asinichanganye. Folda ya klabu ni moja na kila mtu anaijua. Tena mimi ni wa Kidato cha Nne na yeye ni wa Kidato cha Pili. Sikuona anachoweza kunifundisha. Akanyamaza.

Jumanne nilianza kuutilia shaka ule mstari. Nikaufuta, nikaandika njia nyingine. 49. Nikaandika ya tatu. 49. Ningetumia akili kidogo ningejiuliza imewezekanaje hesabu tatu zisizofanana zitoe jibu moja lisilobadilika hata kwa chembe. Lakini mtu akishafadhaika huacha kufikiri, akabaki kuhangaika.

Jumatano baada ya chakula cha jioni wazo baya liliniingia. Nilikumbuka kwamba watu wawili tu walikuwa na ruhusa ya kufungua folda ile, mimi na yule kijana. Nikajiambia kwamba kumbe nikiondoka yeye hurudisha maneno ya zamani. Sikumwita kando nikamwuliza. Nilimkabili mbele ya wanachama wote wa klabu, nikamwambia, "Wewe ndiye unayeharibu kazi. Wahenga walisema kweli, kikulacho ki nguoni mwako." Akasema, "Kaka, sijagusa kitu." Nikamnyang'anya ufunguo wa chumba. Wenzangu walitazama chini. Yeye akaondoka bila ya neno jingine, nami usiku ule, kwa hasira na kwa kubahatisha, nikabadili hesabu mara ya nne na kuandika igawanywe kwa tano, nione tu kutatokea nini. 49.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kompyuta nikiwa nimekata tamaa. Nilimweleza yote, pamoja na habari za yule kijana. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, "Katika kompyuta ile mna nakala ngapi za programu yenu?"

"Moja, mwalimu."

"Una hakika?"

Tukaenda naye chumbani. Akaniambia niandike mwanzoni mwa programu mstari mmoja wa kutoa maneno haya: "Mimi natoka folda ya klabu." Nikaandika, nikahifadhi, nikaita amri. Majina yakatoka na wastani zikatoka, lakini yale maneno hayakutokea. Mwalimu akanitazama. "Sasa niambie," akasema, "hiyo wastani uliyoiita, imetoka folda gani?"

Lilikuwa swali lile lile la Jumatatu.

Kisha akaandika pip show wastani, na kompyuta ikaonyesha mahali programu ilipokuwa. Palikuwa mahali pengine kabisa, ndani ya folda iitwayo site-packages, ambamo Python huweka programu zote zilizosakinishwa. Tukaifungua, na humo tukaikuta nakala kamili ya Wastani, kama tulivyoiandika siku ya kwanza, na ule mstari wenye kosa ukiwa umekaa mahali pake kwa amani. Siku tulipoisakinisha, pip ilikuwa imechukua nakala ya kazi yetu na kuipeleka huko, na amri ya wastani ilikuwa ikiita nakala ile. Siku tatu nzima nilikuwa nikisahihisha daftari ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma.

Mwalimu alinipa mfano ambao sitausahau. Alisema, "Mwanzo wa muhula unainakili ratiba ya vipindi kutoka ubaoni na kuitia katika daftari lako. Baada ya wiki moja ratiba ya ubaoni ikabadilishwa. Wewe unafuata daftari, ukaingia chumba cha Jiografia wakati wenzako wako Kemia. Daftari halikukudanganya, wala ubao haukukudanganya. Ulikuwa na nakala mbili ukadhani ni moja. Lakini kama badala ya kunakili ungaliandika katika daftari maneno haya tu, 'Nenda ukasome ubaoni,' usingalipotea hata ratiba ingebadilishwa kila siku."

Basi namna hiyo ya pili ipo katika Python, nayo huitwa usakinishaji wa kuharirika. Huandikwa kama ule wa kwanza, ila huongezwa kistari na herufi e kabla ya nukta, hivi: pip install -e . Nikaandika. Mara ya kwanza ilikataa, kwa sababu pip hutengeneza mahali safi pa muda pa kujengea na huko hutaka kuleta vifaa vya ujenzi kutoka intaneti, na siku hiyo intaneti ya shule haikuwapo. Mwalimu akatuunganisha kwa simu yake, na mara hii kazi ikapita.

Nikaita amri. Juu kabisa yakatokea maneno haya: "Mimi natoka folda ya klabu." Moyo wangu ukaruka. Lakini wastani wa yule mgonjwa haukuwa 74 wala 49. Ulikuwa 59, kwa sababu sasa kompyuta ilikuwa ikisoma upuuzi wangu wa Jumatano usiku, ikagawanya 296 kwa tano. Nikaurudisha mstari niliouandika Jumatatu, ule wa kwanza kabisa, nikahifadhi faili na kuita amri. 74. Kumbe jibu la haki nilikuwa nalo tangu usiku wa kwanza, nikalitupa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilitaka kujua ni kitu gani kilichowekwa katika site-packages safari hii. Mwalimu akanionyesha faili ndogo ambayo jina lake huishia kwa herufi pth. Nilipoifungua niliona mstari mmoja tu, nao ulikuwa anwani ya folda yetu. Python kila inapoanza husoma faili za namna hiyo na kuziongeza anwani zake katika orodha ya mahali pa kutafutia programu. Hiyo ndiyo "nenda ukasome ubaoni." Programu nyingine ambazo folda zake zimepangwa kwa namna tofauti huhitaji ufundi zaidi, lakini nia ni hiyo hiyo.

Alinieleza pia kwamba jambo hili lina historia. Zamani kazi hii ilifanywa na chombo kiitwacho setuptools kwa amri yake ya develop. Baadaye wakatokea wajenzi wengine wa vifurushi vya Python, na mwaka 2017 ukakubaliwa utaratibu wa wote kufanya kazi na pip kwa kanuni moja. Lakini kanuni ile haikuweka utaratibu wa usakinishaji wa kuharirika, na kwa miaka kadhaa aliyetumia mjenzi mwingine alikosa njia hii katika pip. Mwaka 2021 mapendekezo mawili yaliletwa, nambari 660 na nambari 662. Lile la 660, la Daniel Holth na Stéphane Bidoul, ndilo lililokubaliwa. Kwa mujibu wake mjenzi hutengeneza kifurushi chepesi chenye njia ya kuifikia programu badala ya programu yenyewe, na pip hukisakinisha kama vifurushi vingine. Toleo la pip nambari 21.3, la Oktoba mwaka 2021, ndilo lililoanza kulifuata. Nilifarijika kidogo kusikia kwamba jambo lililonitoa jasho lilikuwa limewashughulisha watu wazima kwa muda mrefu.

Lakini mwalimu hakuniacha nifarijike sana. "Hesabu imekwisha," akasema. "Deni lako lingine unalijua."

Nililijua. Saa sita mchana tulipokusanyika bwaloni nilikwenda kwenye meza ya Kidato cha Pili. Wanachama wa klabu niliokuwa nimemshtaki mbele yao walikuwapo karibu wote, na sikutaka kumwomba radhi kisirisiri mtu niliyemwaibisha hadharani. Nilisimama nikasema kwamba kijana huyu hakugusa kitu, kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba aliniuliza swali la kweli usiku wa kwanza nami nikalikataa kwa sababu ya ukubwa wa kidato changu. Nikamrudishia ufunguo. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Yeye alisema tu, "Haya, kaka. Yamekwisha," akaendelea kula maharage yake. Lakini jioni alikuja.

Na ilikuwa heri alikuja, maana kazi haikuwa imekwisha. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameomba tuongeze herufi za madaraja, A, B, C na kuendelea. Yule kijana akaandika faili ndogo, madaraja.txt, yenye mipaka ya kila daraja, A ikianzia 75, akaiweka ndani ya folda ya programu. Tukaita amri, na herufi zikatokea papo hapo, bila ya kusakinisha upya. Nikaona raha ya njia hii: unaandika, unahifadhi, unaita, unaona.

Kisha tukatengeneza kifurushi cha kawaida, tukakipeleka katika kompyuta ya ofisi ya taaluma. Huko hatukutaka njia ya kuharirika, kwa maana mwalimu haandiki programu, anaitumia tu; si vizuri matokeo yake yabadilike kwa kuwa mwanafunzi fulani anajaribu jambo usiku. Tukasakinisha na kuita amri. Programu ikakataa, ikasema haikuipata madaraja.txt.

Mara hii sikupandisha sauti. Nilimgeukia mwenzangu nikamwuliza, "Wewe waonaje?"

Akafikiri kidogo. "Kwetu klabuni," akasema, "programu inasomwa ndani ya folda yenyewe, na kila tulichoweka humo inakiona. Lakini kifurushi kinachukua vile tu vilivyoandikwa kwamba vichukuliwe. Faili za Python zilichukuliwa. Faili yangu haikutajwa popote." Ndivyo ilivyokuwa. Tukaitaja katika faili ya maelezo ya programu, iitwayo pyproject.toml, tukatengeneza kifurushi upya, na saa mbili usiku karatasi zilikuwa zikitoka katika mashine ya kuchapa. Yule mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa alikuwa na 74 yake na B yake, na Ijumaa zikabandikwa.

Tangu wakati huo nimejifunza mipaka mingine ya njia hii, nami nitaitaja kwa faida ya wanaotaka kuitumia. Kwanza, ukibadili jina la amri au ukiongeza amri ya pili, huna budi kusakinisha tena, kwa kuwa majina ya amri huandikwa siku ya kusakinisha. Mabadiliko yaliyo ndani ya programu peke yake ndiyo yanayoonekana bila ya hayo. Ni hivyo hivyo ukiongeza programu nyingine ambayo yako inaitegemea. Pili, ukiihamisha folda au ukibadili jina lake, amri itakufa, kwa sababu ile anwani itakuwa inaelekeza mahali pasipo na kitu. Mimi nilibadili jina la folda yetu wiki mbili baadaye ili lipendeze, nikayaona. Tatu, usidhani kwamba kwa kuwa programu yaenda vizuri kwako itakwenda vizuri kwa mwenzako. Kabla ya kuitoa, isakinishe kwa njia ya kawaida mahali pengine uijaribu, kama tulivyofundishwa na madaraja.txt.

Katika ukuta wa chumba cha kompyuta sasa tumebandika karatasi yenye swali moja, kwa mwandiko wa yule kijana: "Inatoka folda gani?" Wanachama wapya huuliza maana yake, nasi huwaeleza habari za nakala mbili. Sehemu ya pili ya habari, ile ya bwaloni, huwaeleza mimi mwenyewe. Mwezi wa Novemba nitafanya mtihani wangu wa mwisho na kuiacha shule hii. Ufunguo wa chumba utabaki kwa kijana yule, na Wastani pia. Ninajua ataitunza vizuri kuliko mimi, kwa kuwa yeye huuliza kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne